Funguo za Jengo la Kemia

Funguo zangu ni kumi na moja sasa.
Nilipoajiriwa hapa Kasapa zilikuwa mbili:
wa mlango mkubwa na wa choo.
Hizi nyingine nimeachiwa na walioondoka.

Profesa Nawej alisema, "Nishikie huu,
nakwenda Kolwezi mara moja, kampuni inataka ushauri."
Hiyo mara moja imetimiza miaka sita.
Koti lake jeupe liko msumarini,
mfukoni mna chaki
na risiti ya petroli isiyosomeka.

Dokta Kapya alivuka Kasumbalesa usiku,
vitabu kaviviringisha katika blanketi.
Jina lake halikwenda naye.
Limo kwenye orodha ya mishahara,
linangoja kama sisi,
na lenyewe halijalipwa.

Siwalaumu. Mtu hali cheo.
Nawalaumu siku ya mvua tu,
nikizunguka na ndoo, ofisi hadi ofisi,
kuwakingia matone wenye nyumba wasiokuwepo.

Amebaki Mujinga.
Masomo ya Nawej anafundisha yeye,
ya Kapya yeye, yake pia yeye,
na Jumamosi anauza silabasi barazani,
kurasa arobaini, kichwa kakiinamisha
kama anayeuza nguo za marehemu.
Asiyenunua anafeli, wanafunzi hunong'ona.
Nimeiona orodha yake. Kwa wawili ni kweli.
Kwa wengine si kweli.
Na mwezi ule mwanawe alilazwa hospitali.
Nayasema yote, mnihukumu na mimi.

Ada imebandikwa dirishani kwa dola,
inalipwa kwa faranga,
na kiwango hubadilika mtu akiwa kwenye foleni.
Kisimba alikuja na pesa ya makala ya mama yake,
noti nyeusi, zimefungwa kwa uzi wa gunia.
Alfajiri zilitosha.
Saa sita, alipofika mbele, zilipungua elfu nne.
Mhasibu akazisukuma nje kwa ncha ya kalamu
asije akachafua vidole.
Nikatoa nauli yangu.
Nikatembea hadi Katuba, nikipitwa na malori
ya sahani za shaba, kamba zimekazwa,
moja, mawili, kwenye ishirini nikaacha kuhesabu,
yote yanaelekea kusini,
hakuna lililopunguza mwendo kwenye kona ya chuo.

Na sisi shaba tunaifundisha kwa chaki!

Basi juzi Mujinga akasema, "Hapana. Mwaka huu wataiona."
Nikafungua ofisi ya Nawej kwa ufunguo wake mwenyewe,
nikaishusha feni iliyokufa, nikaipasua tumbo,
nikavuta waya wake mwekundu, mita kwa mita.
Asidi ya betri tuliipata kwa fundi wa magari, mtaa wa Kenya.
Maji ya oksijeni, yale ya kuoshea vidonda,
famasi walitupa kwa deni.
Bilauri moja, wanafunzi sitini na wawili.
Mapovu yakapanda. Walio nyuma wakasimama juu ya madawati.
Kisha maji yakaanza kugeuka, pembeni kwanza,
yakawa buluu,
buluu ile ile ya mhuri wa ADA IMELIPWA.
Kisimba akacheka peke yake.
Hakuna aliyemuuliza.

Ijumaa Mujinga aliingia na bahasha yenye stempu ya ugenini.
Akauweka ufunguo wake mezani kwangu.
Tukautazama.
Nje mtu alikuwa kwenye simu, analia au anacheka.
Akauokota tena, akaupangusa kwa kanga.
"Nina karatasi sitini na mbili za kusahihisha," akasema.
Baada ya hizo je, hakusema,
nami mdomo wangu niliujaza chai.

Nimemuuliza fundi wa kufuli bei ya pete kubwa zaidi.
Sijainunua.
Ofisi ya Kapya nayo ina feni.